ALIYEHAMISHWA ANAHITAJI NINI? SOMO KUTOKA BONDE LA RUFIJI



Ndugu yangu msomaji, andiko la leo ni refu kidogo. Ukiwa na haraka lihifadhi, ulisome baada ya swala ya Isha ukiwa umetulia. Ni historia, tena historia ya hapa hapa kwetu: Ikwiriri, Kibiti, Mohoro, Utete, bonde zima la mto Rufiji.

Naanza na swali. Mtu akiondolewa mahali anapopatia riziki yake, awe ameondolewa na maji, na amri au na maendeleo, tumpe nini?

Wengi watajibu upesi: tumpe unga, hema, blanketi, mabati, kiwanja. Ni jibu jema, na aliyetoa hivyo Allah amlipe. Lakini bonde hili limekwishatufundisha kwamba jibu hilo ni nusu. Aliyehamishwa hupoteza nyumba, na pamoja na nyumba hupoteza njia ya kwenda kazini. Nyumba unaweza kumjengea kwa mwezi mmoja. Njia ya kazi usipoitafuta makusudi, utamkuta miaka kumi baadaye amekaa barazani pale pale ulipomwacha.

Twende pamoja, hatua kwa hatua.

1. WALIOHAMA MAKKA

Kisa hiki unakijua, lakini leo kisome kwa jicho la kazi.

Muhajirina walifika Madina wakiwa wameacha Makka nyumba, mali na biashara. Mtume (s.a.w.) akawaunganisha na Answari, mtu na ndugu yake. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaunganishwa na Saad bin Rabii (r.a.), na Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aoneshwe soko lilipo. Akaoneshwa soko la Banu Qainuqaa, akarudi na samli na maziwa makavu aliyoyapata kwa biashara. Haukupita muda mrefu akawa ameoa kwa mali yake mwenyewe.

Usipite hapa haraka. Abdurrahman hakuwa mtu asiyejua kazi. Alikuwa mfanyabiashara aliyetenganishwa na soko lake, basi akaomba soko.

Si wote walikuwa wafanyabiashara. Answari walitaka kugawana mitende yao na wageni, Mtume (s.a.w.) hakukubali igawanywe. Wakakubaliana njia nyingine: Muhajirina wafanye kazi katika mashamba yale na wagawane matunda. Mwenye shamba akabaki na shamba lake, mgeni akapata kazi na chakula, na hakuna aliyekula huku ameinamisha kichwa.

Mambo mawili, basi. Mwenye ujuzi alioneshwa soko. Asiye na mtaji aliingizwa kwenye kazi kwa mapatano. Yashike hayo mawili, kwa sababu tutapimia nayo yote yanayofuata.

2. BONDE KABLA YA 1968

Sasa rudi nyumbani.

Wazee wetu wa Rufiji walikuwa na elimu ya maji ambayo haikuandikwa kitabuni. Mpunga ulipandwa bondeni mvua zilipoanza, ukakua, na mto ulipofura mwezi wa Aprili au Mei mpunga ulikuwa na nguvu ya kusimama ndani ya maji. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba na unyevu. Hapo unapandwa mlau: mahindi, maharage, maboga, na pamba kwa ajili ya fedha. Mashamba mawili katika mwaka mmoja, na la pili halisubiri mvua.

Katikati ya mashamba ilisimama dungu, nyumba ya juu ya nguzo. Mkulima alilala humo akilinda mazao yake dhidi ya nguruwe pori, nyani na ndege, na mafuriko ya kawaida yakija maji yalipita chini yake. Mafuriko yenyewe hayakuhesabiwa kuwa adui. Mwaka ambao mto haukupanda ndio uliotisha, maana hapakuwa na mlau.

Sisemi kwamba maisha yalikuwa rahisi. Yapo mafuriko makubwa yaliyozidi kipimo, yakazoa mpunga na watu wakabaki na njaa. Shule na zahanati zilikuwa mbali, na kijiji kilichotawanyika bondeni kilikuwa kigumu kuhudumiwa. Hilo ni kweli, na mwenye kusimulia historia asifiche upande mmoja.

3. MAFURIKO YA 1968 NA OPERESHENI RUFIJI

Mwaka 1968 mto ulipanda kupita kiasi. Mazao yakapotea, watu wakahitaji chakula cha msaada. Serikali ikaamua kwamba watu watoke bondeni, wahamie kwenye miinuko, wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 1968 na 1969, ikajulikana kama Operesheni Rufiji. Angalia tarehe hizo. Operesheni kubwa za vijiji katika sehemu nyingi za nchi zilikuja baadaye, miaka ya 1970. Rufiji ilitangulia.

Ikwiriri ni miongoni mwa makazi yaliyokua kwa uhamisho ule. Ukitembea mitaani leo na kuwauliza wazee walitoka wapi, wengi watakutajia bondeni.

Faida zilikuwepo. Watoto walikaa karibu na shule. Mgonjwa alifika zahanati. Barabara ilikuwa jirani. Anayesema uhamisho ule haukuleta kheri yoyote hasemi haki.

Lakini jiulize: kazi ilikuwa wapi? Ilibaki bondeni. Mtu alipewa makazi juu ya ardhi ya mchanga, na tope lake lenye rutuba likabaki chini, mwendo wa saa nzima au zaidi, wakati mwingine ng'ambo ya mto. Kule juu palifaa mihogo na mikorosho. Mkorosho ni mti mzuri, ila unahitaji miaka kabla ya kukulipa, na mtoto hasubiri miaka kula. Na shamba la bondeni lisilolindwa usiku ni karamu ya nguruwe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuatilia jambo hili miaka ya mwanzo ya 1970, na baadaye Kjell Havnevik, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Rufiji mwaka 1993, alilieleza kwa urefu. Familia ziligawanyika. Msimu ukifika, wenye nguvu walirudi bondeni kuishi kwenye madungu, wengine wakabaki kijijini na watoto wa shule. Na wasioweza kwenda na kurudi, hasa wazee na wajane, wakalima kidogo au wakaacha kabisa.

Umeona? Mtu ambaye jana alikuwa bingwa wa mlau, leo anaitwa maskini asiye na kazi. Ujuzi wake bado uko mikononi. Kilichokatika ni njia baina ya mikono na kazi. Waliopanga walihesabu watu na viwanja. Swali la Abdurrahman, soko langu liko wapi, halikupata nafasi katika mpango.

4. CHUO KISICHOULIZA CHETI

Mwaka 1975 kikaja kitu kingine, na wengi wetu tunakipita barabarani bila kujua historia yake.

Katika karne ya 19, Denmark ilikuwa na mchungaji wa Kikristo aitwaye Grundtvig. Alisema wakulima watu wazima wanastahili shule yao, isiyo ya mitihani, itakayowafundisha maisha na kazi zao. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo likaenea hadi Sweden. Mwalimu Nyerere aliliona huko Sweden, akavutiwa, na kwa msaada wa Waswidi Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo viko zaidi ya hamsini nchi nzima, na kimojawapo kiko Ikwiriri. Hekima popote uionapo ichukue, hata kama aliyeitamka si wa dini yako.

Vyuo hivi vilijengwa kwa ajili ya mtu mzima wa kijijini: aliyemaliza darasa la saba na kuishia hapo, au hata hilo hakulimaliza. Anaingia na mikono yake. Anajifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo, ufundi wa magari, mapishi. Anatoka akiwa na kazi anayoweza kuifanya mahali popote, juu au bondeni. Maji yanaweza kuchukua shamba lako. Ufundi wa randa na msumeno hauchukuliwi na maji.

Historia ya vyuo hivi ina mabonde yake pia. Mwaka 1990 vilitolewa Wizara ya Elimu vikapelekwa kwenye maendeleo ya jamii, na baada ya 2015 vikarudishwa Elimu. Katikati ya safari hiyo vingi vilichakaa: mabweni yanavuja, karakana hazina zana, walimu wachache. Miaka ya karibuni vimekarabatiwa. Na kuna mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania, unaowapokea katika vyuo hivi wasichana waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata watoto. Anasoma sekondari kwa njia ya mkato, anajifunza ufundi, na mtoto wake ana mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani.

Tafakari hilo la mwisho. Aliyepanga alijiuliza, kitu gani kitamzuia binti huyu kufika? Akaona ni mtoto mgongoni. Basi akaweka malezi. Hiyo ndiyo maana ya kumtengenezea mtu njia.

5. DARAJA LILILOWAACHA WENGINE NJIANI

Uhamisho wa tatu haukuja na maji wala amri. Ulikuja na neema.

Wenye umri wanakumbuka kivuko cha Ndundu. Barabara ya kusini, ya Lindi na Mtwara, iliishia mtoni, na kila gari lilisubiri pantoni. Masika yakikolea, abiria walikwama siku kadhaa. Kwa msafiri ilikuwa adhabu. Kwa mama ntilie, muuza samaki, mbeba mizigo na mwenye mtumbwi, ndiyo ilikuwa ajira.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, mita 970 juu ya mto Rufiji. Alhamdulillah, hakuna mwenye akili anayetamani tulirudishe pantoni. Mgonjwa anavuka usiku, korosho inafika sokoni, kusini imeunganishwa na nchi. Lakini siku daraja lilipofunguka, riziki ya watu wa kivukoni ilifungwa. Nani aliwauliza: na nyinyi, kesho mtauza wapi?

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Barabara ilipofunguka, biashara ya magogo ikalipuka Rufiji na Kilwa. Vijana waliokosa kazi wakaipata msituni: kukata, kuburuta, kupakia. Fedha ya haraka. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kusafirisha magogo nje ya nchi. Na mwaka 2007 ripoti ya shirika la TRAFFIC ikaeleza kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru wa mbao uliopaswa kukusanywa na serikali kuu na halmashauri ulikuwa ukipotea. Miti ilikwenda, fedha haikubaki, na kijana aliyekuwa akikata akabaki na shoka lisilo na kazi.

Nakuomba uipime hiyo. Kama sehemu tu ya ushuru ule ingekusanywa na kununuliwa mashine za karakana, mti ule ule ungewapa kazi seremala, mpaka rangi, fundi wa bawaba na muuza vitanda. Gogo likiondoka likiwa gogo, linaondoka na kazi za watu wanne.

6. MILANGO ILIYOPO LEO

Mwezi Aprili 2024 mto ulipanda tena. Rufiji na Kibiti zikafurika, nyumba na mashamba yakazama, watu wakalala kambini. Na kila mafuriko makubwa yanapokuja, hoja ya kuwahamisha watu wa bondeni huamka upya. Ndiyo maana naandika haya sasa. Wajukuu wa waliohamishwa 1968 wanaweza kuingia katika kosa lile lile wakiwa na mabati mapya.

Milango ipo, na watu wengi hawaijui. Nitaitaja mitatu.

Mlango wa kwanza ni TASAF. Mfuko huu ulianzishwa mwaka 2000, na kuanzia 2012 umekuwa ukizihudumia kaya maskini kwa ruzuku na kwa ajira za muda. Wanakaya wenye uwezo wa kufanya kazi hupewa siku za kazi, kwa kawaida hadi 60 kwa mwaka, katika miradi ya kijiji kama barabara, malambo na upandaji miti, tena katika kipindi kigumu cha mwaka ambapo ghala ni tupu. Ubora wake ni kwamba mtu anapata ujira na kijiji kinapata barabara. Upungufu wake ni kwamba siku zikiisha, kazi imeisha. Ni daraja la kuvukia. Usijenge nyumba juu ya daraja.

Mlango wa pili ni mikopo ya halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na sikiliza vizuri hapa, ewe unayeogopa mkopo kwa sababu ya dini yako: mikopo hii kwa mujibu wa sheria haina riba. Mwaka 2023 ilisitishwa kwa sababu ya dosari kubwa, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Anayekopa fedha hii akakimbia, ajue anamfungia mlango mjane anayesubiri nyuma yake. Deni ni deni, hata kama mdai ni halmashauri.

Upungufu wa mlango huu ni kwamba unataka kikundi chenye katiba, usajili na akaunti. Aliyehamishwa ametenganishwa na majirani zake. Kikundi chake kiko wapi? Hapo ndipo imamu, mwalimu wa madrasa na mwenyekiti wa kitongoji wanapotakiwa kufanya kazi: kuwakutanisha waliopotezana, kuwaandikia katiba, kuwasindikiza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mlango wa tatu ni chuo nilichokwishakutajia.

7. NA MSIKITI JE?

Hapa nazungumza na sisi wenyewe.

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa pwani yetu, walilitazama suala la kumpa maskini Zaka kwa jicho pana. Imam an-Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaolingana na biashara yake: muuza mboga anatosheka na dirham chache, muuza vito anahitaji maelfu. Lengo ni atoke katika kundi la wapokeaji.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunagawa kilo mbili mbili za mchele kwa foleni ndefu, picha zinapigwa, na mwakani foleni ni ile ile, watu ni wale wale. Chakula cha dharura kina wakati wake, usikidharau. Lakini mafuriko yamekwisha, maji yameshuka, na mbele yako yuko fundi aliyepoteza cherehani, mvuvi aliyepoteza nyavu, seremala aliyepoteza randa. 

8. MASWALI MATATU

Nahitimisha kwa maswali ambayo kila mwenye kusaidia, awe serikali, shirika, msikiti au wewe na jirani yako, ayaulize kabla ya kutoa.

La kwanza: huyu mtu alikuwa akifanya kazi gani? Usimgeuze mkulima wa mlau kuwa fundi simu kwa sababu tu mradi wako una fedha za simu.

La pili: ni kitu gani kimekatika baina yake na kazi hiyo? Ni umbali? Ni zana? Ni mtaji? Ni mtoto mgongoni? Ni karatasi? Tibu hicho.

La tatu: kazi hiyo ikiwa imekufa kabisa, kama ya kivukoni, atajifunza nini, wapi, na atakula nini wakati anajifunza? Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Mtu mzima mwenye watoto hakai darasani na njaa.

Kazi ya wiki hii, ndugu yangu: mtafute mtu mmoja mtaani kwako aliyepoteza kazi. Usimpe kitu kwanza. Kaa naye, umuulize hayo matatu, kisha nenda naye kwenye mlango mmoja kati ya niliyoitaja. Nenda naye kwa miguu yako. 

Allah awarehemu waliotangulia wa bonde hili, awarudishie kilichobora waliopoteza, na atujaalie tuwe sababu ya riziki za wenzetu. Amin.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako, hasa aliye katika kamati ya msikiti au serikali ya kijiji.

Wabillahi tawfiiq.